Nguzo ya Tatu Kushoto

Jumanne, 18 Novemba

Mama amepiga simu kutoka Kimilili kabla sijamaliza chai. Anakuja Nairobi. Anakuja kunisikia nikiimba solo katika kanisa kuu la mjini, Jumamosi ya tarehe 29. Ameshawaambia wanawake wote wa kikundi chake na wamemshonea nguo mpya. Simu ikakatika kabla sijapata udhuru.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mimi Jackton Were, fundi wa makochi pale Ngong Road karibu na Adams Arcade, siimbi solo popote. Hata kwenye kwaya simo. Mwezi wa Julai Mwalimu Musembi, anayefundisha kwaya yetu ya Waithaka, alinivuta kando akaniambia kwa upole kwamba Mungu atanisikia vizuri tu hata nikiimba nikiwa nimekaa kwenye benchi na waumini wengine. Nilielewa.

Mama sikumwambia. Kila wiki alikuwa akiuliza kwa nini siendi nyumbani, na mazoezi ya kwaya ndiyo yaliyokuwa kisingizio changu. Kila alipouliza, nilijipandisha cheo. Agosti nikawa kiongozi wa sauti ya tatu. Septemba nikachaguliwa kuimba solo. Oktoba nikalitaja kanisa kuu. Mwanamume aliyepanda haraka namna hiyo hawezi kushuka kwa simu ya dakika mbili.

Tamasha lenyewe lipo kweli. Kwaya nne za upande huu wetu wa magharibi, kuanzia Waithaka hadi Uthiru, zitaungana kuimba nyimbo za Majilio. Solo ya sauti ya tatu nayo ipo. Ataiimba Kibe.

Dedan Kibe! Babu yake alizaliwa Waithaka, baba yake alizaliwa Waithaka, wana shamba, wana nyumba za kupangisha, na juu ya hayo yote Mungu akaona ampe na sauti.

Emmah, mke wangu, anasema nimpigie Mama leo hii nimwambie, kabla hajakata tiketi ya basi. Emmah ni mwanamke mzuri lakini hana mawazo makubwa. Mimi nina mpango.

Alhamisi, 20 Novemba

Mpango: kumlainisha Mwalimu Musembi. Nyumbani kwake kuna kiti kimoja tu cha maana, na kimebonyea katikati kama sahani ya supu. Nikachukua kiti bora pale kazini, kile cha mgongo mrefu, nikakivika kitambaa kipya cha kijani na sponji ngumu, nikampelekea kwa mkokoteni hadi mlangoni. Nikamwambia ni shukrani yangu kwa miaka aliyonivumilia.

Mwalimu alikaa. Akafumba macho. Akasema hajawahi kukaa mahali pazuri hivyo tangu astaafu. Nikaona saa imefika. Nikaomba nafasi ndogo tu kwenye tamasha, mstari wa nyuma kabisa, na kama solo itahitaji mtu wa akiba, nipo.

Akaniomba nimwimbie ngazi ya sauti, kupanda na kushuka. Nikapanda. Nilipokuwa nikishuka nilimwona amefungua macho. Akainuka, akashika mgongo wa kiti, akaniambia nishike miguu. Tukakirudisha kwenye mkokoteni pamoja. Alikuwa mpole sana. Hata alinisaidia kufunga kamba.

Jumapili, 23 Novemba

Mpango mpya, na huu ni wa kisayansi. Kibe akipoteza sauti, watahitaji mtu anayejua maneno ya ule wimbo. Maneno nayajua yote. Mwalimu Musembi hawezi kukataa mtu wa pekee aliyebaki.

Baada ya ibada nikamwalika Kibe kwenye kibanda kimoja pale Adams Arcade. Alishangaa, maana hatujawahi kukaa meza moja. Nikaagiza soda mbili za baridi kabisa, zenye barafu ndani. Kisha aiskrimu. Kisha nyama choma na pilipili, kwa sababu nimesikia pilipili baada ya barafu huchana koo. Kisha soda tena. Ili asishuku nikala na kunywa kila alichokula na kunywa. Nikamwambia tushangilie kwa sauti mpira uliokuwa kwenye televisheni. Timu wala siijui. Nilishangilia dakika tisini.

Kibe alinishukuru sana. Alisema alikuwa akidhani mimi simpendi.

Jumatatu, 24 Novemba

Sina sauti.

Mteja amekuja kuulizia sofa yake nikamjibu kwa mikono. Emmah amenichungulia koo kwa tochi ya simu na kusema limekuwa jekundu kama kitambaa cha sofa za baa. Kisha akaniambia amempita Kibe njiani akienda mazoezini huku akiimba. Anasema hajawahi kumsikia akiwa na sauti safi vile.

Mama amepiga simu tena. Emmah akampokelea, akamwambia msanii anapumzisha koo. Aliposema “msanii” alinitazama mimi machoni.

Jumanne, 25 Novemba

Leo nimefunga kazi mapema nikaenda mjini kulitazama kanisa kuu lenyewe. Niliingia nikijifanya mtu wa kusali. Na kweli nilisali kidogo.

Ni jengo la kukutia adabu. Mawe juu ya mawe, vioo vya rangi vikimwaga wekundu na ubuluu sakafuni, kinanda chenye mabomba marefu kama milingoti ya stima. Nilikohoa mara moja na kikohozi kikaenda mpaka madhabahuni, kikageuka, kikanirudia. Kisha nikaziona nguzo.

Nguzo nene! Watu wawili hawawezi kukumbatia moja. Nikakaa nyuma ya nguzo ya tatu upande wa kushoto. Kutoka pale huoni kwaya, huoni mwalimu wa kwaya, huoni kitu ila jiwe. Lakini unasikia kila kitu.

Mpango ukaja wenyewe, mzima mzima. Mama ataniona nikiingia na kwaya, nimevaa joho. Atakuwa amekaa nyuma ya nguzo ya tatu kushoto. Kibe ataimba. Mama atasikia sauti nzuri ya kiume ikitoka mahali mwanawe alipo. Nani atamwambia si mimi? Jiwe?

Nilipokuwa nikipima ile nguzo kwa futi yangu ya kazi, mama mmoja wa kanisa mwenye beji ya wahudumu akaja kuniuliza kama nina shida. Beji ilisema Peres. Nikamnong'oneza kwamba mimi ni fundi na ninapenda mawe. Akasema wachache siku hizi wanapenda mawe, akanipa kijitabu cha historia ya jengo.

Alhamisi, 27 Novemba

Mama amefika. Mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na mfupi kidogo. Imepita miaka miwili na miezi. Alinishika uso kwa mikono yote miwili pale kituoni, watu wakipita na mizigo yao, na hakusema chochote kwa muda mrefu. Mimi pia sikusema, lakini mimi nilikuwa sina sauti.

Ameleta simu mpya ambayo kikundi kimemkopesha ili arekodi. Emmah amemfundisha kubonyeza kile kitufe chekundu. Tangu asubuhi hiyo simu imekuwa ikirekodi paa letu.

Lazima niseme kwamba kutunzwa kama msanii ni kuzuri. Mama ananichemshia tangawizi na asali. Mama ananikataza kuongea. Mama amenifunga leso shingoni na kumwambia Emmah asinitume dukani, upepo wa Waithaka ni mbaya. Emmah amekwenda dukani mwenyewe, polepole, akigeuka nyuma mara mbili kunitazama.

Ijumaa, 28 Novemba

Suala la joho. Kwaya zote nne zitavaa zambarau, na ni Emmah aliyeshona majoho yote. Moja limebaki limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake cha kushonea, la dada mmoja wa Uthiru aliyejifungua wiki iliyopita. Nimefikiri hivi: nikisimama na watu wa Waithaka, watanitambua. Nikisimama na wa Uthiru, watadhani mimi ni wa Waithaka. Hakuna pengo katika mpango huu.

Mama alipokuwa amelala mchana nikalivaa. Likaishia magotini. Nilikuwa nikijipima kwenye kioo Emmah akaingia.

Alicheka hadi akakaa chini kwenye vitambaa. Alipomaliza kufuta machozi akaniuliza mpango wote, nikamweleza kwa mnong'ono, pamoja na nguzo. Kisha akachukua wembe, akaanza kufumua pindo la joho.

“Kama ni kunitia aibu,” akasema, “utanitia aibu na nguo inayokutosha. Watu watauliza nani alishona.”

Akanishonea chini kipande kingine cha zambarau, upana wa kiganja. Huwezi kuona kiungo. Nimeandika hapo juu kwamba Emmah hana mawazo makubwa. Neno hilo nalifuta nusu.

Jumamosi, 29 Novemba

Naandika jioni hii.

Nilimpeleka Mama mapema, saa moja kabla ya kuanza, nikamketisha mwenyewe nyuma ya nguzo ya tatu kushoto, Emmah kando yake. Nikamwambia hapo ndipo sauti inapofika vizuri, wataalamu wote hukaa hapo. Mama akaitazama nguzo, akanitazama mimi, akasema ni nguzo nzuri. Nikaenda kuvaa.

Kuingia na kwaya kulikwenda sawasawa. Waimbaji zaidi ya mia, wote zambarau, na mimi katikati ya wale wa Uthiru, nimeshika faili tupu. Nilipopita karibu na nguzo Mama akanipungia mkono. Nikapanda hadi ngazi ya juu kabisa, nyuma ya mwanamume mpana wa sauti ya nne. Akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikaonyesha koo langu. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Nyimbo tatu za mwanzo nilifungua mdomo na kuufunga pamoja na wengine, na naamini nilifanya vizuri kuliko wengi. Kanisa lilikuwa limejaa hadi milangoni. Kinanda kilipoanza nilihisi mtetemo kwenye nyayo. Nikasahau kabisa kwamba nina mpango.

Kisha nikamwona Peres, yule mhudumu mwenye beji, akitembea kwenye njia ya katikati. Amemshika mtu mkono. Mzee wa kike, nguo mpya ya kitenge, simu mkononi. Alikuwa amemwona Mama amekaa anatazama jiwe na moyo wake haukuvumilia. Akampeleka mbele. Mbele kabisa! Safu ya kwanza, miongoni mwa wageni walioalikwa, hatua sita kutoka mahali pa kusimama mwimbaji wa solo. Huku nyuma nikamwona Emmah amesimama kando ya nguzo, mkono mdomoni.

Wimbo wa nne. Kibe akatoka kwenye mstari, akasogea mbele, akapangusa kola.

Mama akainua simu. Akamtazama Kibe. Akaishusha. Akaanza kuzitazama nyuso zetu, mstari kwa mstari, akinitafuta. Nilimwona akifika mwisho wa mstari mmoja na kuanza mwingine, kama mtu anayehesabu kuku jioni na kukosa mmoja. Na uso wake ulikuwa unaanza kubadilika.

Sikupanga lililofuata. Nasema hivyo mimi ambaye hupanga kila kitu. Nilijikuta nashuka ngazi. Nikamwomba radhi mwanamume mpana, nikakanyaga watu wa sauti ya pili, nikatokea mbele ya watu wote wale na kusimama kando ya Kibe. Mwalimu Musembi alikuwa ameinua mikono tayari kuanzisha. Mikono ikabaki juu. Alinitazama kama vile alivyonitazama siku ya kile kiti.

Kibe akageuka. Akaniona. Akaangalia ninapoangalia, akamwona mzee wa kike safu ya kwanza, simu imeinuliwa tena, machozi yanatiririka. Kibe si mjinga. Akasogea nusu hatua, akafungua faili lake katikati yetu.

“Fundi, simama hapa,” akaninong'oneza. “Fungua mdomo tu. Usitoe kitu.”

Akaimba. Sijui niandike nini kuhusu sauti ile. Ilitoka kwake ikapanda hadi kwenye mbao za paa, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye, ilipita ndani yangu pia. Nilifungua mdomo. Nilifumba macho pale alipofumba. Nilinyoosha mkono pale ambapo yeye hakunyoosha. Watu walikuwa wametulia kabisa. Kwa muda wa beti mbili nilikuwa mwimbaji bora magharibi yote ya Nairobi.

Tatizo ni kwamba mimi najua maneno, sijui mapumziko. Baada ya ubeti wa pili kuna kimya. Kwaya yote inanyamaza, kinanda kinanyamaza, watu wanashika pumzi. Mimi, kwa utamu uliokuwa umenishika, niliendelea. Na wakati huo huo koo langu, lililofungwa siku tano, likaamua kufunguka.

Sauti iliyotoka ilikuwa kama bawaba ya lango la chuma. Moja tu, fupi. Lakini lile jengo halipotezi kitu. Ikaenda hadi mlango mkuu, ikapita juu ya watu wote, ikarudi kupitia kila nguzo moja moja, na ilipofika kwangu ilikuwa bado na nguvu. Kibe akatazama viatu vyake. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti ni mnyama gani.

Katika kile kimya mtu mmoja akapiga makofi. Ni Mama. Kisha, sijui kwa nini, watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya, na wakapiga makofi pia. Mwalimu Musembi akafumba macho, akashusha mikono, na kwaya ikaingia kwa nguvu kama maji.

Baadaye Kibe alikuja kumsalimia Mama. Alimwinamia, akamwambia tulisaidiana. Tulisaidiana! Ningeweza kuvumilia zaidi kama angenisema. Peres naye akaja kuniomba nisikiache kile kijitabu bila kukisoma.

Jumapili, 30 Novemba

Mama aliamka mapema. Nilimkuta nje ya mlango na chai yake, anatazama watu wa Waithaka wakienda ibada ya kwanza. Akaniambia nikae. Sauti yangu ilikuwa imerudi, nikaona hiyo ni bahati mbaya.

Nikaanza kueleza kuhusu mwangwi, na jinsi mawe yanavyobadilisha sauti ya mtu. Akaniacha nimalize.

“Were,” akasema, “ile sauti nzuri ilikuwa ya yule kijana. Ile ingine ndiyo ilikuwa yako. Niliijua mara moja. Ndiyo uliyozaliwa nayo.”

Nikauliza amejua tangu lini. Akasema tangu Agosti. Alipoambiwa mimi ni kiongozi wa sauti ya tatu alicheka, akawasimulia wanawake wa kikundi, nao wakacheka. Ndiyo maana wakamkopesha simu. Nikauliza basi kwa nini amesafiri njia yote ile.

Akainywa chai yake kwanza.

“Kila nikikuita uje, unaniambia kwaya. Nikaona nije kusikiliza huo uongo wako, angalau nitakuona.”

Emmah alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, akarudi ndani bila kuongeza chai ya mtu yeyote. Nikamwambia Mama nitakuja Krismasi. Nikamwambia ni kweli. Akasema atachinja jogoo akiniona langoni, si kabla.

Kisha akatoa simu akanionyesha alichorekodi. Kibe hayumo hata kidogo. Ni uso wangu tu, dakika nne, mdomo wazi. Ameshawatumia kikundi kizima.

Nimeamua. Kuanzia leo sitamdanganya mtu. Inachosha, na mtu asiyedanganya hahitaji kukumbuka mambo mengi. Naandika hapa na naweka sahihi: J. Were.

Jumatano, 3 Desemba

Nilimpandisha Mama basi jana. Nyumba imekuwa kimya. Kazini nimemaliza sofa tatu. Nimemwomba Kibe msamaha kwa ile aiskrimu. Alikuwa hajui, ikabidi nimweleze, akacheka hadi akashika ukuta wa duka la mtu. Mtu mwema, Kibe. Bado simpendi sana.

Saa sita mchana akanipigia pasta wa kanisa la Mama kule Kimilili. Amefurahi kusikia kwamba nitakuwa nyumbani Krismasi. Wanasherehekea miaka hamsini ya kanisa. Wameiona ile rekodi ya Mama. Akaniambia wazi wazi kwamba hawataniomba niimbe, na nikamshukuru kwa ukweli wake. Shida yao ni moja: kuna mtu amewaachia tarumbeta ya shaba, nzuri sana, na hakuna anayeweza kuipiga. Akaniuliza kama huku Nairobi namjua mtu yeyote.

Nilikuwa na majina mawili, yote ya watu wa kweli. Nilifungua mdomo kuyataja. Nikasikia mtu mwenye sauti yangu anamwambia pasta asihangaike kutafuta mbali, kwamba yeye mwenyewe amepiga tarumbeta kwa miaka kadhaa, ila tu hapendi kujisifu.

Sherehe ni tarehe 27. Zimebaki siku ishirini na nne. Nimeitazama tarumbeta kwenye dirisha la duka moja mjini nikiwa nimekaribia kioo kabisa. Ina vitufe vitatu tu. Mimi hushona makochi yenye vifungo arobaini.